Nikija na futikamba, siku zimeshaanza kuhesabiwa

Mimi ni mtathmini wa nyumba na ardhi, nafanyia kazi Kampala. Mwaka jana nilikuwa Kira napima sebule ya mama mmoja muuza vitenge, naye ananifuata chumba hadi chumba na swali lile lile: "Mwanangu, kwani serikali haina namna ya kutusaidia?" Nilijibu kwa mkato, maana nilikuwa nimetumwa na aliyemkopesha, aliyetaka kujua bei ya nyumba kwa kuwa malipo ya mkopo yalikuwa yamekwama. Hapa naweza kujibu kwa kirefu.

Nyumba yake hakuinunua kwa mkopo. Aliijenga kidogo kidogo miaka mingi, kisha akaweka hati rehani ili aongeze mtaji. Nyumba nyingi ninazozipima zina historia hiyo, na ndiyo sababu misaada ya nchi nyingine haihamishiki kirahisi. Marekani mwaka 2009, serikali ya Obama ilianzisha HAMP, mpango wa kuwasaidia waliolemewa na mikopo ya nyumba: malipo ya nyumba ya kila mwezi yashushwe hadi asilimia 31 ya kipato, kwa kupunguza riba na kurefusha mkopo. Walilenga kaya milioni 3 hadi 4, wakafikia pungufu sana ya hapo, na hao walitakiwa kuthibitisha kipato chao kwa hati. Muuza vitenge ataonyesha hati gani?

Sisi tulipata nafuu yetu Aprili 2020, Benki Kuu ya Uganda iliporuhusu mabenki kupanga upya mikopo iliyoyumbishwa na korona. Kwa sekta nyingi ilidumu hadi Septemba 2021. Wengi walidhani wamesamehewa, kumbe wamesogezewa tarehe tu. Kwa mkopo wa shilingi milioni 100 wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, miezi sita bila kulipa inaongeza milioni 9. Aliyefungua duka na kukuta wateja wanamsubiri alipona. Ambaye wateja hawakurudi alirudi kwenye deni nene zaidi.

Kinachobaki ni sheria ya rehani ya mwaka 2009. Ukishindwa kulipa, mkopeshaji anakupa notisi ya siku 45 za kazi urekebishe. Zikipita, anatoa notisi ya kuuza, siku 21 za kazi nyingine. Jumla ni kama miezi mitatu, na naona watu wakiimaliza kwa maombi na kuzima simu.

Halafu wanakimbilia mahakamani siku za mwisho. Kanuni za 2012 zinasema mahakama inaweza kuahirisha mnada ukiweka amana ya asilimia 30 ya deni lililobaki au ya thamani ya kuuza kwa haraka, ile bei ya chini ninayoiandika chini ya bei ya soko. Nikiandika milioni 200, utafute 60. Aliyeshindwa milioni 3 kwa mwezi atazitoa wapi? (Hapo ndipo pekee ambapo namba yangu ndogo humfaa mwenye nyumba.) Mume au mke wa mkopaji akiomba yeye, mahakama ndiyo huamua kama atalipa amana hiyo. Na nyumba ya familia hairehaniwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo kabla ya kitu chochote, kaguliwe nani alitia sahihi.

Waliokopa kwa watu binafsi hali yao ni mbaya zaidi. Wengine walisainishwa mkataba wa mauziano badala ya rehani. Kwa karatasi hiyo nyumba imeshauzwa, na ni juu yao kuthibitisha kwamba ulikuwa mkopo.

Kama ningeulizwa, nafuu ijayo ningeifunga kwenye mauzo ya mtu, alipe zaidi msimu wa sikukuu na kidogo Februari, badala ya kumsogezea tarehe. Yule mama hakungoja. Siku 45 zikiwa bado zinakwenda, alimwendea mkopeshaji, wakakubaliana auze mwenyewe kipande cha nyuma, penye migomba. Wiki tatu baadaye nilirudi Kira na futikamba, safari hii yeye ndiye aliyeniita.