Jina lisilotarajiwa hupitia mlango gani?

Julai 2015, Rais Jakaya Kikwete alipoingia ukumbini Dodoma kuongoza Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, sehemu ya wajumbe walimpokea kwa kuimba kwamba wana imani na Lowassa. Waliimba kwa nguvu, ila walikuwa wamechelewa. Kamati Kuu ilikuwa imeshalikata jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kwenye mbio za urais, na wajumbe wake watatu walikuwa wamejitokeza mbele ya waandishi wa habari kujitenga na uamuzi huo. Muda si mrefu chama kikapata mgombea urais: John Pombe Magufuli, Waziri wa Ujenzi, ambaye vijiweni wengi hawakuwa wakimpigia hesabu. Nami nilikuwa miongoni mwao, pamoja na kwamba kazi yangu ni kufundisha elimu ya uraia.

Tangu hapo, swali ninaloulizwa sana kwenye semina zetu ni hili: mtu wa namna hiyo hutokea wapi? Wanaouliza huwa tayari na jibu, kwamba kuna mkono uliomficha na kumtoa dakika ya mwisho. Huenda mikono ipo. Lakini ukizifuata hesabu za vikao, sehemu kubwa ya mshangao huo inajieleza yenyewe.

Mwaka ule watia nia 42 walichukua fomu za urais ndani ya CCM. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Lowassa, aliyeujaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha alipotangaza nia mwezi Mei, alipata wadhamini maelfu kwa maelfu. Kwa kanuni, wote waliozidi 450 hawakumwongezea chochote. Fomu zikaenda kwenye vikao, na kadiri mchujo ulivyosonga, umati wa uwanjani ukabaki nje. Kamati Kuu, kikao cha watu wanaotosha chumba kimoja, ikaleta tano bora: Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na Magufuli. Halmashauri Kuu ikabakiza tatu bora, Magufuli na wale akina mama wawili. Mkutano Mkuu, wenye wajumbe zaidi ya elfu mbili, ndio uliomaliza kazi: Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59.

Tazama kilichotokea katikati. Lowassa alikuwa na kambi, Membe naye alikuwa na kambi, na zote mbili zilikatwa kabla kura ya mwisho haijapigwa. Wajumbe wa kambi hizo hawakupanda basi kurudi kwao. Walibaki ukumbini na karatasi za kura mkononi, na ilibidi wampe mtu. Magufuli hakuwa na kambi, kwa hiyo hakuwa na deni la ugomvi na yeyote. Udhaifu aliokuwa nao mwezi Mei uligeuka mtaji mwezi Julai.

Hapa watu huchanganya mambo mawili, kutojulikana na kutotarajiwa. Magufuli alikuwa mbunge tangu 1995, na nchi nzima ilimjua kama waziri anayetaja urefu wa barabara kilomita kwa kilomita bila kutazama karatasi. Migiro aliwahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hakuna mgeni hapo. Kilichokosekana ni watu wa kuyataja majina yao kwenye mbio za urais.

Mambo haya ni ya zamani kuliko vyama vyetu. Mwaka 1844 chama cha Democratic cha Marekani kilikutana Baltimore. Martin Van Buren, aliyewahi kuwa rais, alipata zaidi ya nusu ya kura kwenye duru ya kwanza, lakini kanuni ilidai theluthi mbili. Walipiga kura mara saba bila kupata mshindi. James Polk hakupata kura yoyote katika duru zote hizo. Jina lake liliingia duru ya nane, na ya tisa akapitishwa. Wapinzani wakawa wanauliza kwa dhihaka Polk ni nani, hadi alipomshinda Henry Clay na kuingia Ikulu.

Njia nyingine ni ya uchungu zaidi, pale dola inapomfunga kiongozi na nafasi yake ikaangukia kwa aliye nyuma yake. Gambia, Aprili 2016, kiongozi wa chama cha UDP, Ousainou Darboe, alikamatwa, kisha akahukumiwa kifungo. Vyama vya upinzani vikaungana, na mwishoni mwa Oktoba vikamchagua Adama Barrow, mfanyabiashara wa nyumba na viwanja aliyewahi kuwa mlinzi wa duka jijini London. Zilibaki wiki chache tu kabla ya Desemba 1.

Wagambia wakati huo walipiga kura kwa gololi. Unapewa gololi moja, unaingia peke yako penye mapipa ya chuma, kila pipa lina rangi na picha ya mgombea wake. Unaitumbukiza kwenye tundu, inagonga kengele ndani, na msimamizi aliye nje anasikia mlio mmoja. Milio miwili maana yake umeingia na gololi ya ziada. Baiskeli hazikuruhusiwa karibu na kituo, kengele zake zisije zikavuruga hesabu. Katika utaratibu huo mgeni wa siasa hahitaji jina lake lizoeleke machoni pa wasiojua kusoma. Rangi na picha vinatosha. Barrow alipata asilimia 43.3, Yahya Jammeh, aliyetawala miaka 22, asilimia 39.6. Duru ilikuwa moja tu, kwa hiyo nusu ya kura haikuhitajika.

Senegal ilirudia kisa hicho kwa namna yake. Bassirou Diomaye Faye, aliyesimama badala ya kiongozi wa upinzani Ousmane Sonko baada ya Sonko kuzuiwa kugombea urais, alitoka gerezani Machi 14, 2024. Siku kumi baadaye alishinda kwa asilimia 54.28, duru ya kwanza.

Kuvuma peke yake ni jambo jingine. Kenya, Februari 2013, mwalimu Mohammed Abduba Dida aliingia kwenye mdahalo wa kwanza wa wagombea urais na nchi ikalala ikimzungumza. Kwenye sanduku alipata kura 52,848, chini ya nusu ya asilimia moja. Hakuwepo mkubwa aliyekatwa jina ambaye wafuasi wake walikuwa wakitafuta pa kwenda.

Wasomaji wa Tanzania huuliza kama Barrow angewezekana hapa. Kwa sheria, hapana. Ili asimame kwa niaba ya muungano wote, Barrow alijitoa kwanza UDP akagombea bila chama. Ibara ya 39 ya Katiba yetu inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila aliupinga utaratibu huo kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Juni 2013 akashinda. Uchaguzi wa 2015 ulipofika, karatasi ya kura ya urais haikuwa na mgombea binafsi hata mmoja.