Ukitaka Kupiga Kambi Pwani na Mbwa Wako, Tazama Kwanza Majirani wa Kambi

Na Daktari wa Mifugo, Kitengo cha Elimu kwa Umma, Dodoma

Likizo ya Desemba ikikaribia, wenye mbwa wa Ilazo, Kisasa na Area C huja na swali lile lile. Familia inakwenda kupiga hema pwani, watoto hawataki mbwa abaki na mlinzi. Je, kambi ipi inaruhusu mbwa? Swali ni zuri ila halijitoshelezi. Mwenye kambi anaweza kumkaribisha mbwa wako kwa mikono miwili, na bado mahali pale pasimfae hata kidogo. Kinachoamua ni kile kilicho nje ya uzio: hifadhi, msitu, kijiji, ufukwe, na mbwa wa hapo jirani.

Tuanze na hifadhi, maana ndipo wengi hukwama. Mtu akitafuta mahali penye pori na maji ya chumvi kwa pamoja, jina la kwanza atakalotajiwa ni Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako nyika inashuka hadi Bahari ya Hindi. Kwa safari ya mbwa, lifute. Kanuni za Hifadhi za Taifa haziruhusu kuingiza mnyama wa kufugwa, na lango si mahali pa kubembeleza baada ya kuendesha gari siku nzima. Sababu ya katazo hilo tunaijua vizuri hapa nchini. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa kawaida wa mbwa, viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi yao. Chanzo kinachotajwa ni mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa wako anaweza kuwa mzima machoni pako na bado akaacha ugonjwa kwenye kinyesi au mate yake. Kwa hiyo hata kambi iliyo nje ya mpaka, kama hakuna uzio na wanyamapori wanapita hapo kila usiku, mimi nisingeichagua.

Ushauri wangu ni kuacha kutafuta kambi moja yenye kila kitu. Gawa safari: siku za msitu, kisha siku za bahari. Kutoka Dodoma unashuka Morogoro, Chalinze, Segera hadi Muheza, zaidi ya kilomita 500. Huko milima ya Usambara iko upande mmoja na fukwe za Tanga na Pangani upande wa pili. Msitu wa Amani uko juu ya Muheza, na Magamba uko juu ya Lushoto. Yote miwili ni hifadhi za mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Uliza ofisi ya hifadhi husika kabla ya kulipia, na uombe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. La sivyo piga hema kwenye kambi ya kijijini nje ya msitu, umtembeze mbwa akiwa kwenye kamba katika njia za vijiji.

Safari yenyewe isidharauliwe. Mbwa wa Dodoma amezoea joto kavu la zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema, unyevu wa ulimi na koo ukipaa hewani. Hewa ya pwani imeshiba maji tayari, kwa hiyo anahema sana na kupoa kidogo. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likifika 41 maisha yake yamo hatarini. Ukiona anahema bila kupumzika, mate yamekuwa mazito, anapepesuka, mwagie maji ya kawaida mwili mzima na umpepee hapo hapo, kisha ndipo utafute daktari. Mbwa wenye pua fupi ningewaacha nyumbani kabisa. Wengine, simameni Morogoro mpumzike. Hata hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko pale kama kuna jambo.

Sasa msitu. Mbwa aliyefungwa nje ya hema usiku ni chambo cha chui, na chui wapo katika misitu yetu kuliko watu wanavyodhani. Alale ndani ya hema na wewe. Ila chui hawaletwi kliniki. Kinacholetwa ni kupe na mbung'o. Mbung'o wako vichaka vya pwani, Saadani ikiwamo, na wanapenda rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, kwa hiyo hema lako la bluu linaweza kuwaita. Mbung'o hueneza nagana, na vimelea vyake tunavyovihofia kwa ng'ombe humshambulia mbwa kwa ukali zaidi: homa, kukonda, damu kupungua, macho kufunga ukungu mweupe kana kwamba yamemwagiwa maziwa. Muulize mwenye kambi waziwazi kama wenyeji wanaumwa na mbung'o mchana. Akisema ndiyo, tafuta pengine.

Kuhusu kupe, dawa ya kumkinga ipakwe au imezwe siku kadhaa kabla ya safari, kwa kipimo cha uzito wake. Kila jioni mlaze ubavu mbele ya taa. Anza ndani ya masikio, shuka chini ya kola, kwapani, halafu tenganisha vidole kimoja kimoja. Hapo katikati ya vidole ndipo kupe wadogo hujificha wakionekana kama punje ya ulezi. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumzungusha. Mafuta ya taa na kijiti cha moto viacheni. Na nyie wenye ng'ombe, tafadhali: dawa ya josho na sindano ya nagana iliyobaki kwenye friji si za mbwa. Ile ya josho, isipochanganywa ipasavyo, inamlevya. Diminazini, dawa iliyo kwenye sindano hiyo ya nagana, kipimo kikizidi kidogo tu, huharibu ubongo wake. Kila mwaka kuna mtu anayekadiria kipimo kwa macho.

Bahari ina mambo yake. Ukimrushia mpira majini, kila anapoudaka anameza mawimbi. Akiyameza kidogo ataharisha ufukweni, jambo la aibu tu. Akiyameza mengi chumvi hupanda katika damu, anatapika, anatetemeka, anaweza kupata degedege. Beba maji baridi ya kutosha, umnyweshe kila baada ya michezo michache, na umwoshe chumvi mwilini jioni. Maji yakipwa, ufukwe unaacha samaki waliokufa, na miongoni mwao anaweza kuwapo bunju, yule anayejivimbisha. Sumu ya bunju haina dawa ya kuiondoa. Hulegeza misuli hadi pumzi inakata. Kamba isitoke mkononi asubuhi ya maji kupwa. Uliza pia kuhusu bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa kuliko kawaida, ili usipige hema mahali ambapo maji yatajaa usiku.

Ufukwe wa kasa uuache. Kasa hupanda mchangani usiku kutaga, na mayai hukaa takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Pua ya mbwa inayanusa chini ya mchanga, na mbwa mmoja anamaliza shimo zima kwa usiku mmoja.

Halafu kuna watu. Sehemu kubwa ya wenyeji wa pwani ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mgeni wa Dodoma anayemwachia mbwa azunguke kisimani, kwenye vichanja vya dagaa au karibu na msikiti anamtia mwenyeji kazi na kumvunjia heshima, na kesho yake kambi ile itaacha kupokea mbwa. Mtafute mwenyekiti wa kitongoji, msalimie, mwambie una mbwa, muulize njia ipi upitie. Ataelekeza.

Hapo ndipo yanapobaki maswali kwa mwenye kambi mwenyewe. Mbwa wenu wa ulinzi walichanjwa lini, na cheti kiko wapi? Mnaweka sumu ya panya jikoni au stoo? Takataka mnatupa wapi? Daktari wa mifugo wa karibu ni nani na anapatikana kwa simu? Anayejibu haya bila kukasirika ana kambi ya kuaminika, hata kama vyoo vyake ni vya shimo.

Kwa upande wako, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imetimiza angalau siku 21 siku ya kuondoka. Ikichomwa kesho yake mnaondoka, kinga bado haijajengeka. Ongeza zile za distempa, pavo (ugonjwa wa kuharisha damu) na leptospira (bakteria wa mkojo wa panya), hasa kama mtakuwa mahali penye panya na maji yaliyotuama. Cheti kikae garini, na muulize daktari wa mifugo wa wilaya kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote huko, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona.

Mkirudi Dodoma, mwangalie mbwa kwa mwezi mzima. Akikataa chakula, akipata homa, fizi zikipauka au jicho likififia, mlete kliniki, na jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba alilala Muheza au Pangani. Kwetu hapa katikati ya nchi daktari anaweza asiwaze nagana kwa mbwa wa mjini mpaka asikie alikolala.