"Kugawana majukumu" katika afya ya akili ni nini?

Ni kuchukua sehemu ya kazi ya daktari bingwa, ile inayofundishika kwa muda mfupi, na kumkabidhi mtu asiye daktari aifanye chini ya uangalizi. Anaweza kuwa muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ya jamii, hata bibi wa mtaani. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiuhimiza utaratibu huu kupitia mhGAP, mpango wake wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili ulioanza mwaka 2008, kwa sababu katika nchi nyingi maskini mabingwa wa magonjwa ya akili wanahesabika kwa vidole, na wengi wao wako mijini.

Mfano mzuri uko Harare, Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali ilibomoa makazi na vibanda vya biashara katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata Dk. Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alitaka kuwahudumia watu wa Mbare, mtaa wa Harare. Wauguzi hakupewa, chumba hakupewa. Alichopata ni akina bibi 14 waliokwisha kuzoea kazi za afya mtaani, na uwanja wa nje wa zahanati. Hapo benchi likawekwa. Yeye aliliita la afya ya akili; watu wakaliogopa jina, na kwa ushauri wa akina bibi likawa Benchi la Urafiki.

Bibi huanza na maswali 14 ya ndiyo au hapana. Hazungumzii sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Neno lake ni kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi kwa Kishona. (Mswahili hapo hahitaji mkalimani: sisi nasi husema fulani "ana mawazo".) Kisha mgeni wake anayataja yanayomsumbua, anachagua moja, wanatafuta hatua ya kulitatua, naye anarudi siku nyingine kueleza limefikia wapi. Mwenye fikra za kujiua hupewa rufaa.

Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, ukachapishwa na jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wapo wanaosikia habari hii wakadhani inatosha kufanya semina ya siku chache na kugawa vyeti. Huko si kugawana majukumu, ni kumtupia mtu mzigo. Anayesikiliza habari za vipigo, njaa na misiba kutwa nzima anahitaji msimamizi wa kumpelekea kesi ngumu, na kwa maoni yangu anahitaji posho pia.

Na kuna kazi isiyogawika hivyo. Mgonjwa wa skizofrenia, maradhi makali ya akili yanayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, anahitaji dawa, na dawa inahitaji mwenye idhini ya kuiandika. Bibi wa benchini hana.