Jumatano ya mnada

Jumatano naingia ofisini saa moja kasoro, kabla foleni ya kwenda Posta haijakaza. Ndiyo siku ambayo Benki Kuu huuza hatifungani za serikali, yaani karatasi za mkopo ambao serikali huukopa kwa miaka kadhaa na kuulipia riba, na mimi ni mchambuzi wa upande huo katika kampuni kubwa ya kusimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hapa Dar es Salaam. Pesa tunazowekeza ni za walimu, wastaafu, vikundi vya akina mama: watu walionunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, kidogo kidogo.

Asubuhi hiyo tunabishana juu ya jambo moja tu: tutaje bei gani? Zabuni huandikwa kwa kila shilingi 100. Ukitaja juu mno, unapata lakini umelipa ghali. Ukitaja chini mno, unakosa, na pesa za watu zinabaki benki zikipata riba ndogo hadi mnada mwingine. Senti 50 zinaonekana si kitu, lakini kwenye hatifungani za shilingi bilioni 1 hizo ni milioni 5.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika 98 mahali pa 89. Zabuni ilikuwa ya bilioni 2, kwa hiyo kosa hilo lingetugharimu milioni 180. Mkuu wangu aliipitia akasaini. Aliyelinasa ni dada wa idara ya malipo, akanipigia simu: "Kaka, una hakika na hii bei?" Nilikaa chini, miguu haina nguvu. Tangu siku hiyo sijawahi kulalamikia saini nyingi. Kwetu anayeamua kununua siye anayelipa, na anayelipa hashiki mali. Hatifungani zenyewe hutunzwa na benki nyingine kabisa, ambayo haitoi hata shilingi bila maagizo yaliyosainiwa na watu waliotajwa kwenye orodha yake. Mgeni huuona huo ni urasimu. Mimi nauona ni ukuta wa nyumba.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi ni kueleza. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Wengi walisikitika, lakini aliyekuwa na ile ya zamani alikuwa ameshika dhahabu. Soko likiridhika na 12.10, karatasi ya miaka 20 inayolipa 15.49 kihesabu inafika kama shilingi 125 kwa kila 100. Geuza upande wa pili: umenunua ya 12.10 kwa 100, kisha soko likadai 15.49, yako inashuka hadi kama 79. Serikali bado inakulipa riba yako kila miezi sita, na ukisubiri iive, yaani muda wake uishe, unapata 100 yako kamili. Anayeumia ni anayelazimika kuuza njiani. Kwa hiyo kabla ya kununua ya miaka 20 huwa nauliza kwanza: kwenye mfuko huu, nani atahitaji pesa mwakani?

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, hupiga simu kila bei ya kipande ikitikisika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Pesa yangu ipo?" Namweleza kwa mfano wa shamba: bei ya shamba sokoni inaweza kushuka mwaka huu, lakini mahindi unavuna vilevile. Mara ya mwisho alinijibu, "Sawa, lakini mimi ada ya mjukuu nalipa Januari." Nikamshauri ile ya ada aihamishie kwenye mfuko wa muda mfupi, na akafanya hivyo.

Jioni inabaki thamani ya kipande. Hesabu yetu na ya benki inayotunza mali lazima zilingane ndipo bei itangazwe. Jumatano iliyopita hazikulingana, tofauti ilikuwa ndogo sana, na tulibaki hadi saa mbili usiku. Ilikuwa ada ya wakala, imeingizwa mara mbili.