“Usiandike tansio”: dhana potofu ninazozisikia kila siku kuhusu bima ya safari

Likizo kubwa ikikaribia, ofisi yangu hapa Lubumbashi inajaa wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao Brussels, Liège au Lyon. Wanakuja na tikiti, pasipoti, barua ya mwaliko, na maneno ambayo nimechoka kuyasikia: “Mama, niwekee tu ile ya bei ndogo. Ni karatasi ya ambasade.” Tukifika kwenye maswali ya afya wanaongeza mengine, yale yanayoniudhi zaidi: “Usiandike tansio. Usiandike sukari. Watanyima viza.” Tansio ndiyo shinikizo la damu.

Mimi nauza bima, kwa hiyo mtu anaweza kuniambia mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Haidhuru. Fomu ikijazwa vibaya, kamisheni yangu naipata vilevile. Anayeumia ni msafiri, na mara nyingi zaidi ni yule mtoto aliyemwalika.

“Nikificha ugonjwa, nani atajua?”

Tuanze na hofu ya viza, maana ndiyo inayozaa uongo wote. Majibu yako ya afya hayaendi ubalozini. Ubalozi unapewa cheti cha bima: jina, nambari ya pasipoti, tarehe, nchi na kiasi cha juu kinacholipwa. Hakina mstari wa tansio. Anayepokea faili lako anatafuta yale yaliyoandikwa katika Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009: bima isiyopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa siku zote utakazokaa, inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifariki. Mwenye sukari na asiye na sukari wanatoa cheti kinachofanana.

Tena bima nyingi za bei ndogo hazina maswali ya afya kabisa. Watu wanazipenda kwa sababu hiyo. Unalipa, unapata karatasi, unakwenda. Hawajiulizi kwa nini kampuni haitaki kujua kama mzee wa miaka 71 anaumwa. Haiulizi kwa sababu imekwisha kujijibu: katika masharti, ukurasa ambao hakuna anayeufungua, imeandikwa kwamba ugonjwa wowote uliokuwepo kabla ya safari, na matokeo yake yote, hauhusiki. Kwa hiyo papa, yaani baba mzee, mwenye tansio ya miaka mingi akinunua bima hiyo, amenunua bima ya kuvunjika mguu na kuumwa na mbwa. Kiharusi, kitu ambacho familia nzima inakiogopa, hakimo.

Sasa wale wanaoulizwa wakadanganya. Kuna papa mmoja alikaa mbele yangu, suti safi, kofia magotini. Nikamwuliza kama anameza dawa za kila siku. “Mimi? Siumwi kitu.” Mke wake pembeni hakusema neno. Alifungua sakoshi, akatoa pakiti ya amlodipini, dawa ya tansio, akambonyezea kidonge kimoja na kumpa chupa ya maji, kwa sababu saa ya dawa ilikuwa imefika. Papa akameza, akafuta midomo, akaniambia: “Andika hapana.”

Kwa akili yake hakuwa anasema uongo. Wengi wetu tunadhani tansio iliyotulizwa kwa dawa si ugonjwa tena. Kwa bima ni kinyume: dawa ya kila siku ndiyo ushahidi kwamba ugonjwa upo.

Na kujulikana hakuhitaji upelelezi wowote. Mzee anaanguka sebuleni kwa mwanawe, gari la wagonjwa linakuja, na swali la kwanza la daktari wa dharura ni: anatumia dawa gani? Mtoto anajibu ukweli, na ni lazima ajibu ukweli, maana baba anaweza kufa kwa jibu la uongo. Daktari anaandika. Ripoti ile ile inatumwa kwa daktari wa kampuni ya bima kabla ya malipo kukubaliwa, na kampuni ina haki ya kuomba faili la daktari wako wa hapa Lubumbashi. Hapo mistari miwili inawekwa pamoja: “hatumii dawa” na “anatumia amlodipini kwa miaka mingi.” Uongo wa makusudi unavunja mkataba. Hawapunguzi malipo, hawalipi chochote.

Anayebaki na bili ni nani? Kwa wanaoalikwa Ubelgiji, mtoto mara nyingi amesaini hati ya kumdhamini mzazi, inayomfunga kwa gharama za kukaa, za matibabu na za kurudishwa. Amesaini haraka haraka kwenye ofisi ya komuni, akifikiri ni desturi tu. Kwa hiyo mzazi aliyeficha tansio ili asimwongezee mtoto dola kadhaa za bima ndiye anayemwachia deni la hospitali. Ninapowaeleza hivi, wengi wananyamaza. Wengine wanasema, “Mungu atatulinda.” Na atulinde, lakini fomu tuijaze sawasawa.

Cha kufanya ni rahisi. Tafuta mkataba unaokubali ugonjwa wa zamani ukiwa umetulia, yaani hujabadilishiwa dawa wala hujalazwa kwa muda fulani kabla ya kuondoka, mara nyingi miezi 3 au 6. Mikataba hiyo ipo, inagharimu zaidi, na mingi inapandisha bei baada ya miaka 65 au 70. Mingine inakataa kabisa wazee waliopita umri fulani, kwa hiyo uliza umri kabla ya kuuliza bei. Ukiupata, tansio ikipanda ghafla ukiwa Liège, una pa kushika. Ila usimbadilishie mzee dawa wiki mbili kabla ya safari “ili aende akiwa na nguvu.” Daktari akibadilisha kidonge, ule muda wa kutulia unaanza kuhesabiwa upya. Nenda kwa daktari mapema, kabla ya muda huo kuanza, si siku ya mwisho.

Na dawa zenyewe: beba za safari nzima pamoja na za wiki tatu za ziada, ndani ya mkoba wa mkononi, na ordonasi, yaani karatasi ya dawa ya daktari, inayotaja jina la dawa lenyewe, si jina la kibiashara tu. Dawa kukwisha si dharura. Wala dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, uliyoianza hapa, wala kontroli ya sukari ya kila mwezi. Hizo usizitegemee kwenye bima ya safari hata kidogo.

“Nikiugua nitalipa, kisha watanirudishia”

Huyu ni ndugu mdogo wa dhana ya kwanza. Kwenye cheti chako kuna nambari ya simu ya asistansi, huduma ya msaada ya bima, inayopokelewa usiku na mchana. Nambari hiyo ndiyo bima yenyewe. Ukipiga kabla ya kulazwa, au ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi saa 24 au 48, wao wanazungumza na hospitali na kuihakikishia malipo. Usipopiga, ukajilipia halafu ukaniletea bahasha ya risiti baada ya kurudi, kampuni inaweza kukulipa nusu, au kukuambia hospitali uliyochagua haikuwa yenyewe. Kurudishwa nyumbani ndiyo kabisa: ukijinunulia mwenyewe tikiti ya kurudi kwa sababu ya ugonjwa, usitegemee kuilipwa. Asistansi ndiyo inayoamua na kupanga. Ndege ya wagonjwa kutoka Ulaya hadi huku kwetu inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Nawaambia wateja wangu waandike nambari hiyo, pamoja na msimbo wa simu wa nchi, kwenye kipande cha karatasi ndani ya pasipoti, na nyingine waibandike kwenye friji ya mtoto kule Brussels. Wananicheka. Simu ya mzee aliyeanguka huwa imefungwa kwa nambari ya siri na haina chaji.

Kuhusu mwili wa marehemu, kwa kuwa watu wanaona haya kuuliza: bima inagharamia maandalizi ya mwili, sanduku la kusafirishia, makaratasi na ndege. Haigharamii kilio, wala kundi la ndugu kusindikiza. Uliza pia mwili unafikishwa wapi. “Nchi ya makazi” inaweza kumaanisha Kinshasa, na kutoka uwanja wa ndege wa Ndjili hadi Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, kuna ndege nyingine ya kulipia. Nataka niione Lubumbashi imeandikwa kwenye mkataba.

“Viza ni ya mwaka mzima, basi na bima ni ya mwaka mzima”

Hapana. Ukipewa viza ya kuingia mara nyingi, bima uliyotoa inahesabiwa kwa safari ya kwanza tu. Kwenye fomu ya maombi ulisaini kwamba safari zinazofuata utajinunulia nyingine. Hakuna atakayekukumbusha. Afisa wa mpakani anaweza kukuuliza, au asikuulize, na wewe ukaumwa apendisiti siku ya tatu ukiwa huna kitu.

“Ulaya ni Ulaya”

Bima ya Schengen haikufuati London. Uingereza haimo Schengen, wala Ayalandi. Uswisi imo ingawa si ya Umoja wa Ulaya. Mgeni akilazwa katika hospitali za umma za Uingereza bila haki ya matibabu ya bure anatozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la pauni 500 au zaidi likikaa bila kulipwa linaweza kukunyima viza ya baadaye. Kama una binamu wa kumtembelea kule, nunua mkataba unaotaja Uingereza kwa jina. Na ukiona “dunia nzima,” soma mabano: mara nyingi Marekani na Kanada zimeondolewa, kwa sababu ya bei za hospitali zao.

“Lazima ninunue kwa kampuni moja tu”

Hii ni ya wazee waliozoea enzi ya SONAS, kampuni ya bima ya serikali ya Kongo, peke yake. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni binafsi zina leseni kutoka ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Linganisha. Hata mtoto aliye Ulaya anaweza kukununulia kwa jina lako, mradi masharti ya viza yametimia. Mimi nitapoteza mteja, lakini ndivyo ilivyo. Viza ikikataliwa, kampuni nyingi zinarudisha pesa, baada ya kukata gharama zao, ukileta barua ya kukataliwa mapema. Uliza kabla ya kulipa.

“Karte yangu ya benki ina bima”

Baadhi ya karte zina bima, kweli. Lakini kwa kawaida tikiti lazima iwe imelipwa kwa karte hiyo. Wewe umelipa dola mkononi kwa ajensi. Tuendelee.

“Naenda India kutibiwa, bima italipa”

Haitalipa. Bima ya safari ni ya jambo usilolitarajia. Ukisafiri kwa ajili ya operesheni ya moyo, operesheni hiyo imeondolewa, na mara nyingi safari yote iliyokusudia matibabu imeondolewa pamoja nayo. Mwanamke mjamzito naye asome wiki zilizoandikwa: mikataba mingi inaacha kumhesabia miezi ya mwisho, na kuzaa kwa kawaida hakulipwi.

“Mabalo yangu ya Guangzhou ni bagaji”

Wenzangu wafanyabiashara, mabalo ya nguo 300 kutoka Uchina za kuuza katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi au mjini si mizigo binafsi ya msafiri. Ni bidhaa, na bidhaa zina bima yake ya usafirishaji. Sanduku lako la kawaida likipotea, usitoke uwanjani bila karatasi ya shirika la ndege inayothibitisha, kwa sababu bila hiyo hakuna bima itakayokusikiliza. Kwa safari zinazofuata Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee.

“Karte jone ninayo”

Ipi? Karte jone, yaani kadi ya njano, ni mbili. Ile ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu Julai 2016 ni ya maisha yote, inaonyesha kwamba umechanjwa. Hailipi hospitali yoyote. Ile ya COMESA, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni ya gari: ukivuka mpaka wa Kasumbalesa ukagonga mtu Kitwe, Zambia, inashughulikia madai ya uliyemgonga, na matibabu ya dereva na abiria waliokuwemo kwenye ajali hiyo. Afrika Kusini haimo. Na ukipatwa na malaria kali Ndola, bila ajali yoyote, karte zote mbili zitabaki mfukoni na hospitali utailipa mwenyewe.