Je, wajua kwa nini mjini Kisumu lita ya maji ni ghali Nyalenda, mtaa wa vyumba vya kupangisha, kuliko Milimani, mtaa wa kitajiri?

Kisumu imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, na Nyalenda haiko mbali na maji hayo. Hata hivyo, anayenunua kwa mtungi wa lita 20 Nyalenda kwa kawaida hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mkazi wa Milimani mwenye mita yake. Umaskini unachangia, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika umbo la mji.

Reli ilifika mwaka 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Wakoloni wakaupima mji wao: viwanja vya pembe nne, barabara zilizonyooka, na ardhi ya umma kando ya kila barabara. Waafrika wengi walikaa nje ya mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ulisogezwa, Manyatta na Nyalenda zikaingia mjini zikiwa bado mashamba ya familia. Wana wakagawana, wakajenga vyumba vya kupangisha, na njia ikawa ule upenyo uliosalia kati ya kuta.

Sasa, bomba hufuata barabara. Fundi hawezi kuchimba mtaro katikati ya uwanja wa mtu. Kwa hiyo kila mwenye ploti alivuta kibomba chake cha plastiki kutoka mbali, na vibomba hivyo vikapitana kama tambi, vingine ndani ya mtaro wa majitaka. Kikipasuka na presha ishuke, uchafu unafyonzwa ndani. Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, ilipata mbinu: huwauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mtaani, nao hutoa laini fupi kutoka chemba moja yenye mita nyingi. Lori la kunyonya choo, hata hivyo, bado halipenyi vichochoro vile.

Usikimbilie kulaumu msongamano. Piga hesabu: nyumba 100 kwenye pande mbili za barabara, kila moja kwenye kiwanja chenye upana wa mita 10, zinahitaji bomba la mita 500. Viwanja vikiwa na upana wa mita 40, ni mita 2,000, na taa za barabarani, lami na nauli ya boda huongezeka vilevile. Yaani Milimani, na nyua zake kubwa, ndiyo ghali zaidi kuhudumia kwa kila nyumba. Ilibahatika tu kupata barabara kabla ya nyumba.

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ina shida nyingine: volkano ya Menengai iko kaskazini, Ziwa Nakuru na mbuga yake kusini, kwa hiyo mji unarefuka kufuata barabara kuu, na safari za kazini zinarefuka nao.

Kurudisha barabara katikati ya Nyalenda leo ni kubomoa na kulipa fidia. Lakini pembezoni mwa Kisumu, ambako mashamba ndiyo kwanza yanakatwa ploti, mwenye shamba anayeacha njia ya mita 9 anapoteza ploti chache tu.