Maana ya pato la kila mkazi, kwa mfano wa Luxembourg

Kila mwaka, takwimu za utajiri wa nchi zinapotolewa, Luxembourg hukaa kileleni au karibu kabisa na kilele. Pato lake la ndani kwa kila mkazi, likisharekebishwa kwa tofauti ya bei kati ya nchi na nchi, ni takriban mara mbili na nusu ya wastani wa Umoja wa Ulaya. Ni rahisi kusoma namba hiyo na kuamini kwamba mtu wa kawaida wa huko anaishi maisha yenye neema mara mbili na nusu kuliko Mzungu wa wastani. Si kweli, na kuelewa kwa nini si kweli ndiyo njia bora ninayoijua ya kuelewa kipimo chenyewe.

Pato ghafi la ndani ni jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja. Hapo haiulizwi aliyezalisha ni nani, ni raia wa wapi, wala analala wapi. Kinachoangaliwa ni mahali kazi ilipofanyika. Ili kupata pato la kila mkazi, jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya wakazi, yaani watu wenye makazi yao nchini humo. Kwa hiyo katika mgawanyo huo namba ya juu, yaani pato, huhesabiwa mahali pa kazi, na namba ya chini, yaani idadi ya wakazi, huhesabiwa mahali pa kulala. Katika nchi nyingi tofauti hiyo haina uzito, kwa kuwa watu wengi hufanya kazi katika nchi wanamoishi. Luxembourg si mojawapo ya nchi hizo.

Nchi hii ina eneo la kilomita za mraba 2,586 tu, imebanwa kati ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, na hakuna kijiji chake kilicho mbali na mpaka. Wakazi wake sasa ni takriban 680,000, ilhali sensa ya mwaka 1981 ilikuta watu wapatao 365,000. Karibu nusu yao ni wageni, na jamii kubwa kuliko zote miongoni mwa wageni hao ni Wareno, ambao wengi wao walianza kufika tangu miaka ya 1960 kufanya kazi za ujenzi. Juu ya wakazi hao, kila siku ya kazi huingia zaidi ya watu 225,000 wanaoishi nchi jirani, zaidi ya nusu yao wakitoka Ufaransa na waliobaki wakitoka Ubelgiji na Ujerumani. Hawa ni karibu nusu ya waajiriwa wote. Raia wa Luxembourg wenyewe ni takriban robo tu ya nguvu kazi, na wengi wao wako serikalini na katika halmashauri, ambako kwa kawaida mtu hutakiwa kuzijua lugha zote tatu za utawala, yaani Kiluxembourg, Kifaransa na Kijerumani.

Hali hiyo haikuwapo zamani. Mwaka 1980 wafanyakazi wa kuvuka mpaka hawakufika 15,000. Uchumi wa wakati huo uliegemea chuma cha pua na chuma cha kawaida kilichoyeyushwa kusini, katika eneo la Esch-sur-Alzette, na mgogoro wa chuma wa katikati ya miaka ya 1970 ndio uliolazimisha mabadiliko. Serikali iligeukia benki, kisha mifuko ya uwekezaji, ambayo leo imeifanya Luxembourg kuwa kituo kikubwa kuliko vyote Ulaya na cha pili duniani baada ya Marekani. Mwaka 1985 ilianzishwa kampuni ya setilaiti ya SES. Mwaka huohuo, tarehe 14 Juni, mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini ndani ya boti iliyokuwa kwenye mto Moselle, karibu na kijiji cha Schengen, ambacho jina lake linafahamika kwa kila Mtanzania au Mkenya aliyewahi kuomba viza ya kwenda Ulaya. Kazi zilikua kwa kasi ambayo wakazi peke yao wasingeweza kuimudu.

Tumchukulie muuguzi anayeishi Thionville, mji wa Ufaransa ulio takriban kilomita 30 kutoka jiji la Luxembourg, na anayefanya kazi hospitalini upande wa pili. Kazi yake huingia katika pato la ndani la Luxembourg. Kodi yake ya mapato hukatwa huko, kwa mujibu wa mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili, na michango yake ya bima ya afya na pensheni hulipwa huko pia. Lakini kodi ya nyumba, mkate, na shule ya watoto wake viko Ufaransa, na yeye mwenyewe huhesabiwa katika wakazi wa Ufaransa. Ni kama kugawa mavuno ya shamba kwa idadi ya waliolala nyumbani, ilhali karibu nusu ya waliolima walitoka kwa majirani.

Makadirio madogo yanaonyesha ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2023 pato la ndani lilikuwa takriban yuro bilioni 80. Ukiligawa kwa wakazi, kila mmoja anapata karibu yuro 120,000. Ukiwaongeza wafanyakazi wa kuvuka mpaka kwenye hesabu ya watu, namba inashuka hadi karibu yuro 90,000. Hesabu hii ya pili nayo haijakamilika, maana wake, waume na watoto wa wafanyakazi hao bado wako nje yake. Halafu kuna faida ya mitaji: sehemu kubwa ya kampuni zilizosajiliwa nchini zinamilikiwa na wageni, na faida yao huondoka. Ndiyo maana pato ghafi la taifa, ambalo huhesabu kinachobaki kwa wakazi baada ya kutoa mishahara na faida zinazokwenda nje na kuongeza zinazoingia, ni dogo sana kuliko pato la ndani. Kipimo kingine ninachokiamini zaidi kwa swali la hali ya maisha ni matumizi halisi ya mtu mmoja, ambayo hujumlisha anachonunua mwenyewe na huduma za afya na elimu anazopewa na serikali. Kwa kipimo hicho Luxembourg iko juu ya wastani wa Ulaya kwa takriban asilimia 40. Huo bado ni utajiri mkubwa, ila ni utajiri unaoweza kufikirika.

Huduma za umma ndizo zinazoonyesha waziwazi kwamba namba ya chini ina watu pungufu. Tangu mwishoni mwa Februari 2020, mabasi, treni na tramu nchini ni bure kwa kila mtu, mkazi na asiye mkazi, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Muuguzi wetu hunufaika, lakini nusu nusu, kwa sababu kipande cha safari kilicho upande wa Ufaransa hukilipia nauli. Katika bima ya afya hali yake ni nzuri zaidi: akiwa amesajiliwa ipasavyo anaweza kutibiwa Luxembourg au Ufaransa, apendavyo. Machi 2020, Ujerumani iliporudisha ukaguzi mpakani kwa sababu ya korona, ilibidi serikali ya Luxembourg itenge vyumba vya hoteli kwa wahudumu wa afya wanaoishi nje, maana hospitali zisingeweza kuendelea bila wao.

Swali gumu ni nani anayelipia shule, barabara na vituo vya kulelea watoto katika miji ambayo wafanyakazi hao wanalala. Halmashauri za Ubelgiji zilizo mpakani hupata fidia kutoka kwenye kodi inayokusanywa Luxembourg. Kwa Ufaransa hakuna mgawo wa aina hiyo. Luxembourg imechagua kuchangia miradi ya reli na maegesho, na mameya wa mashariki mwa Ufaransa wamekuwa wakidai zaidi. Mimi naona madai yao yana msingi, kwa kuwa gharama ya kumlea na kumsomesha muuguzi ilibebwa na upande mmoja na tija yake inavunwa na upande mwingine. Kazi za kompyuta nazo zimeleta utata wake: mfanyakazi anayeishi katika nchi yoyote kati ya hizo tatu anaruhusiwa kufanya kazi nyumbani hadi siku 34 kwa mwaka kabla sehemu hiyo ya mshahara haijaanza kutozwa kodi anakoishi.

Bei ya nyumba imezidi kuliongeza pengo kati ya mahali pa kazi na mahali pa kulala. Kima cha chini cha mshahara, kinachozidi yuro 2,500 kwa mwezi kabla ya makato, ni cha juu kuliko chote katika Umoja wa Ulaya, lakini hakitoshi kununua nyumba jijini. Baadhi ya wakazi, raia wakiwamo, huhamia ng'ambo ya mpaka na kuendelea na kazi ileile. Siku wanapohama, idadi ya wakazi inapungua na pato la ndani linabaki lilivyo, hivyo pato la kila mkazi linapanda kwa sababu mtu ameshindwa kumudu kuishi nchini.

Upande wa pensheni, hesabu inaanza kugeuka. Kwa miongo mingi michango ya vijana wa kuvuka mpaka ilijaza mfuko wakati wastaafu walikuwa wachache. Sasa kizazi cha kwanza kimezeeka, na karibu nusu ya pensheni zote, kwa idadi, hulipwa kwa watu wanaoishi nje ya nchi, ingawa nyingi ni ndogo kwa kuwa wahusika walifanya kazi Luxembourg kwa sehemu tu ya maisha yao.